Mulango Mupya wa Koko Nabintu

Bukavu, Nguba, tarehe 3 Machi 2024

Mireille, mutoto wa mutoto wangu,

Mukono unaoandika ni wa Mwanvita, kinywa ni changu. Mimi kelasi niliiona kwa dirisha tu, wewe unajua. Nimemwambia Mwanvita asisafishe maneno yangu, aandike vile natoa. Anakunja uso. Andika na hiyo, Mwanvita.

Nimefika. Kule mu pori ya Nyungwe, bus ya Papa Ezéchiel ilitutikisa mpaka nikasimama nikamwambia: wee dereva, mimi nimetoka kutiwa mulango mupya ndani ya moyo, unataka uangukie hapa kwa nyani? Akaanza kuenda polepole. Tukafika na giza, bus yote inanilaani.

Batu wanajaa kwangu kila siku. Wanataka kuona kovu. Nawaambia kovu haiko, wadokta wale waliingia kwa paja sawa mwizi anaingia kwa dirisha, wakafuata mushipa mpaka juu, wakafungulia mulango mupya ndani ya ule wa zamani. Hawaamini. Maman Joviale, ule anaongoza kikundi yetu ya maombi, akasema nimuonyeshe paja. Nikanyanyua kitenge hapo hapo mbele ya bwana yake. Sasa anaamini.

Napumua, Mireille. Zamani kutoka ku ziwa mpaka kwangu na beseni ya nguo nilikuwa napumzika kila hatua sawa mubibi harusi. Sasa napanda, na njiani nagombana na batu.

Sasa kile kikubwa. Mwanvita, hata kama unaona haya, andika. Mireille, unajua huyu ni nani kwangu. Mimi nilimuzaa baba yako na yeye akamuzaa mutoto wake wa kwanza mu salle moja ya maternité, kitanda kwa kitanda, yeye akimuita Mungu wake na sauti ya chini, mimi nikimuita wangu na makelele. Tangu siku ile hatujaachana. Na moyo wake uko na ugonjwa ule ule wangu, mulango umekauka, haufunguke vizuri. Analala amekaa. Dokta wako alisema ile équipe ya wadokta ilinitia mulango itarudia Septemba na itachukua batu wachache, na kwanza wataangalia sisi wa Februari tunaendelea namna gani. Kutoka Bukavu niko mimi peke yangu. Basi nikienda vizuri, Mwanvita atapita. Nitaenda vizuri. Ni amri, ambia dokta.

Usinipigie ku simu ya Mwanvita. Pale ku meza yake ya bitenge soko yote inasikiliza, na mimi nitasema "ça va" hata kama kichwa imekatika. Andika. Ezéchiel atabeba.

Kula. Ulikuwa umekonda sawa fimbo ya mwavuli.

Koko yako,
Nabintu M'Zagabe


Kigali, tarehe 17 Machi 2024

Koko wangu,

Barua yako niliisomea mle tunamovalia nguo za kazi na wauguzi wenzangu wakafikiri nimefiwa, kumbe nilikuwa ninacheka. Nilimtafsiria Docteur Camille ile ya mwizi na dirisha. Anasema atawafundisha wanafunzi wake hivyo.

Sasa nisikilize vizuri, na Bibi Mwanvita, tafadhali hapa soma polepole.

Mlango wako mpya umekaa vizuri, damu haivuji pembeni, tulipima kabla hujaondoka. Lakini umekaa jirani na njia ambayo umeme wa moyo unapita. Kwa wagonjwa wengine njia hiyo inabanwa na inachoka, mara nyingine mtu amesharudi nyumbani na kila mtu ameshasahau. Moyo unaacha kupiga kwa muda mfupi. Mtu anasikia kizunguzungu, anaona giza, au anaanguka tu bila kujikwaa. Ikitokea, hata mara moja, hata kidogo, unaniambia. Sio aibu, sio kosa lako, na dawa yake ipo. Lakini ukikaa kimya, siku moja hutaamka.

Kidonge cha asubuhi usikiache hata kama umefunga kwa ajili ya maombi. Mungu anaona maji ya kumezea dawa na hakasiriki.

Bibi Mwanvita, karatasi zako nimeziona kwa macho yangu. Jina lako liko juu kabisa kati ya wale wa Septemba. Katika maswali ulijibu kwamba hujawahi kuanguka wala kuzimia, ndiyo maana Docteur anaona unaweza kungoja. Lala na mito mingi, punguza chumvi.

Nawapenda wote wawili.

Mireille


Bukavu, tarehe 14 Aprili 2024

Kwa mjukuu wangu mpendwa Mireille,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema kama inavyotuacha sisi hapa. Mimi ni mzima kabisa, alhamdulillahi. Nakula vizuri, nalala vizuri, natembea bila shida yoyote. Dawa nameza kila asubuhi.

Katika kikundi cha maombi wananiheshimu sana siku hizi, na watu wanafurahi kuniona.

Mwambie daktari kwamba namshukuru yeye na wenzake wote kwa kazi yao nzuri, na kwamba mlango hauna tatizo. Sina jambo jingine la kukuandikia. Wasalimu wote wanaonifahamu.

Ni mimi bibi yako akupendaye,
Nabintu M'Zagabe


Kigali, tarehe 2 Mei 2024

Koko,

Nimefurahi, na Docteur Camille amefurahi pia. Amesema kama wewe unaendelea hivyo, hana wasiwasi tena na Bukavu, na Septemba Bibi Mwanvita aje.

Lakini Koko, umenikasirikia? Nimeisoma barua yako mara nyingi, nikaigeuza nyuma nikitafuta tusi hata moja. Hakuna. Hukuniambia nimekonda. Hukuniuliza kwa nini sijaolewa. Na tangu lini mke wa katekista anasema alhamdulillahi? Nilidhani Bibi Mwanvita amekusilimisha!

Kama nimekukosea, nitukane tu, nitajisikia vizuri.

Mireille wako


Bukavu, Nguba, tarehe 19 Mei 2024

Wee Mireille,

Leo mukono ni wa Papa Adalbert, ule anaandikiaka batu barua mbele ya mairie, ofisi ya muji. Mwanvita iko Uvira ku ndoa ya mutoto ya kaka yake. Adalbert ananuka tumbaku lakini anaandika mbio. Andika na hiyo, Adalbert, usinitazame.

Niko na hasira juu yako mpaka mate imekauka mu kinywa. Mutoto niliomulea, niliomufunga mu mugongo, niliomutafunia viazi, leo moyo yake imekuwa jiwe? Mimi nakuambia nimeanguka, wewe unanijibu juu ya matusi! Mimi nakuambia naona giza, wewe unasema "nimefurahi, dokta amefurahi"! Mwanvita alikuwa ananisomea ile barua yako, mimi nikasema soma tena, labda umeruka fasi. Akasema hapana, njo vile iko.

Labda wadokta wamekufundisha kuzarau. Basi nakuambia tena, na safari hii nitakuambia bila kufunika, ili usikie haya.

Mara ya kwanza ilikuwa Ijumaa Kuu, mu maombi. Tulikuwa tunaimba, nimesimama. Mwangaza ikakatika sawa courant ya umeme inakatikaka mu nyumba. Sikusikia kitu. Kufungua macho, niko chini, wamefunika miguu yangu na kitenge, wamama wanapiga vigelegele, Maman Joviale analia: "Roho imemushukia Maman Nabintu!" Mimi nikataka kusema hapana. Lakini ulimi ilikuwa nzito, na wale wote walikuwa wanaimba na furaha. Ni bale bale walifunga kula na kuniombea mwezi muzima wakati nilikuwa kwenu mu hôpital. Nikanyamaza.

Mara ya pili nilikuwa natoka ku ziwa. Hapo Roho haikuwa na batu wa kuangalia, nikapasuka mudomo ku jiwe.

Kisha tena mu maombi. Sasa wamezoea! Nikiingia wanatandika mukeka mbele yangu. Wanaleta watoto niwaguse kichwa. Mimi Nabintu, mwenye kugombanaka na wauza samaki ya ndagala! Bibi moja alitoka Idjwi na mashua mubaya, juu anataka nimuwekee mukono ku goti. Niliweka. Nilisikia haya mpaka masikio.

Mireille, nilijikojolea. Roho Mutakatifu haikojoshake batu. Adalbert, kama unacheka nitakutia hiyo kalamu mu pua.

Na kesho yake, hii yote nilipeleka kwa Mwanvita. Akaandika, nikamuona na macho yangu, kalamu inakimbia, machozi inamutoka. Nikamuambia asilie, atalowesha karatasi. Nikamuambia: najua hii itafunga njia yako, lakini kama naongopa, watakutia wewe pia ile mulango bila kuchunga huo umeme, na utakufa juu ya uongo yangu. Akasema, "Sawa, Nabintu." Akaandika yote.

Na wewe unajibu nini? Kama ni kazi mingi, sema. Kama umechoka na bibi muzee, sema. Jana nimeanguka tena mu jikoni, moto ilikuwa karibu. Naogopa, Mireille. Haya, umenisikia nikisema hiyo neno.

Nabintu


Kigali, tarehe 22 Mei 2024

Papa Adalbert,

Tafadhali msomee bibi yangu barua hii wewe mwenyewe, leo, kabla ya kazi nyingine, na usiruke neno.

Koko,

Barua ya Aprili ninayo hapa mkononi. Hakuna kuanguka ndani yake. Hakuna Ijumaa Kuu, hakuna giza, hakuna mdomo uliopasuka. Imeandikwa: "Mimi ni mzima kabisa. Natembea bila shida yoyote. Mlango hauna tatizo." Ndiyo hiyo niliyomsomea daktari. Ndiyo hiyo niliyoijibu kwa mzaha, na leo mzaha huo unanichoma.

Unajua kalamu ilikuwa mkononi mwa nani. Sitaki kusema zaidi. Sijui nimwambie nini.

Nisikilize sasa. Unachosikia ndicho nilichokuelezea Machi: njia ya umeme imebanwa. Docteur Camille hakunipa nafasi hata ya kumaliza sentensi. Anasema uje mara moja. Kuna kifaa kidogo, watu wetu wanakiita pile, kinawekwa chini ya ngozi karibu na bega na waya wake unaingia mpaka moyoni. Moyo ukisahau kupiga, chenyewe kinaukumbusha. Si kazi ya hatari kama ile ya kwanza. Hatari ni kungoja.

Usiende ziwani. Usikae karibu na moto. Usilale peke yako chumbani. Na kwenye maombi kaa kwenye kiti, na uwaambie ukweli. Panda bus ya kwanza utakayoipata, baba yangu Mardochée akusindikize. Nimeshamwambia kwa simu, yeye anakuja kwako kutoka kazini moja kwa moja.

Koko, samahani. Nilipaswa kujua barua isiyo na matusi si yako.

Mireille


Bukavu, tarehe 25 Mei 2024

Kwa mjukuu wangu Mireille,

Safari hii mkono ni wangu na kinywa ni changu, mimi Mwanvita binti Aboubakar.

Bibi yako amepanda bus asubuhi hii pamoja na baba yako, karatasi zao za mpaka zilitoka jana. Labda atakuwa ameshafika ukisoma haya. Nataka uyajue kutoka kwangu.

Nilirudi kutoka Uvira juzi. Jana akaja sokoni. Hakunisalimu. Akaweka barua yako juu ya vitenge, akasema, "Soma." Nikamwambia Adalbert ameshakusomea. Akasema, "Nataka kuisikia na sauti yako." Nikasoma, mjukuu wangu. Nikasoma yote, hadi pale "kalamu ilikuwa mkononi mwa nani". Salwa, binti yangu, alikuwa ameenda kutafuta chenji, nashukuru hakuwepo.

Nilipomaliza akasema, "Kumbe mimi nilikuwa nasema, na wewe ulikuwa unanifunga kinywa na kalamu."

Nikamwambia, "Nabintu, nataka kuishi."

Akasema, "Na mimi nataka nini, ndizi?"

Siku ile ya Aprili alikuwa ameketi mbele yangu, anasema anaanguka, na mimi nilisikia kitu kimoja tu: Septemba imekufa. Mkono ukaandika wenyewe. Nilijiambia ni wiki chache tu, wakishanitengeneza nitasema. Nilijiambia labda wenzake wa maombi wanajua zaidi yangu, labda kweli ni baraka. Mimi, ambaye hata dini yao si yangu! Mtu akitaka kuongopa hupata msaada kila mahali.

Akanyanyuka anipige kofi. Nalijua kofi lake, nikafumba macho kulingoja. Halikuja. Nilipofumbua alikuwa ameanguka juu ya meza, vitenge vinateremka naye. Nikamshika, lakini nguvu sina, nikaketi naye chini, kichwa chake mapajani mwangu, midomo yake ina rangi ya majivu. Wanawake wa soko wakaja mbio. Mmoja wao ni wa kikundi chake, akaanza kupiga vigelegele: "Roho! Roho imeshuka hata hapa!"

Mireille, maisha yangu yote sijawahi kupaza sauti sokoni. Mama yangu alinifundisha kwamba mfanyabiashara hapazi sauti. Nikapiga kelele: "Si Roho! Ni ugonjwa! Ni moyo wake, moyo unasimama! Mimi nilijua nikaficha!" Soko lote likageuka kunitazama. Hata wale wa ndagala.

Akafungua macho baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka. Akanitazama. Akasema, "Umesema nini?" Nikarudia. Akasema, "Haya. Ile njo ungeandika."

Kisha akakataa maji kutoka mkononi mwangu, akayachukua kwa Salwa.

Usiku alilala kwa baba yako. Asubuhi nilienda kituoni kwa Ezéchiel. Hakunisemesha. Alipanda, akakaa dirishani, akaangalia mbele.

Naomba ufute jina langu kwenye orodha ya Septemba. Aende mwingine ambaye hajaua rafiki yake kwa kalamu. Sisemi hivi ili unionee huruma.

Mwanvita


Kigali, mu hôpital, tarehe 6 Juni 2024

Wee Mwanvita,

Mukono ni wa Mireille. Anaandika huku anavuta mafua, amelia wiki nzima, hajui kulia kidogo. Andika, mutoto.

Siko maiti. Wameniwekea pile. Iko hapa chini ya bega, ngumu sawa kipande ya sabuni. Waliiweka siku ile ile nilifika, juu nilianguka tena ku mulango ya hôpital, mbele ya sentinelle, mulinzi wao, na huyo hakusema Roho, alikimbia kuleta kitanda. Tangu hapo sijaona giza. Moyo ikitaka kulala, hii kitu inaipiga teke. Mireille anasema haiko teke. Mimi njo mwenye moyo.

Sasa juu yako. Nilikuwa nimeapa nitakaa mwaka muzima bila kukusemesha. Nimeshindwa, juu mu hii chumba kuko bibi wa Butare ambaye haongee, hagombane, hacheke, analala tu sawa gunia. Nimegundua kumbe mimi na wewe hatukunyamazaka.

Uliniumiza. Sitasema haikuuma. Haiko kuanguka iliniuma, ni kule kukaa mbele yako na kukutolea haya yangu yote, mikojo na yote, na wewe unaandika "natembea bila shida yoyote". Nilipolala hapa nilifikiri: kama ningejua kusoma, ningekupiga siku ile ile na ingekwisha.

Lakini sikia. Mireille alimupa Docteur Camille barua yako, amemwambia ufutwe. Dokta akauliza: afutwe juu ya nini? Akasema kuanguka kwangu hakufunge njia ya mutu. Akasema kati ya bale wanapata ile mulango, wengine wanahitaji pile, wanajua tangu zamani, njo maana wanauliza. Wanataka kujua ili wa nyuma wachungwe vizuri. Umesikia, Mwanvita? Ulifunga kinywa yangu juu ya kitu ambayo haikuwa kitu. Nilipiga kelele mpaka wakaja kupima pile.

Iko ingine. Siku ile ku meza yako, mbele ya mimi kuanguka, wewe ulikuwa umeshika ukingo ya meza na mikono yote mbili, na macho ilikuwa imegeuka nyeupe. Nilikuona. Nilitaka kukupiga, lakini nilikuona. Na ile siku ya matanga ya jirani yetu Akonkwa ulisema umeteleza ku ngazi. Ngazi ile ilikuwa kavu.

Kwa hiyo Mireille akamwuliza dokta, bila kusema jina, mutu akianguka na mulango wa zamani inakuwa namna gani. Dokta akaacha kuandika. Akasema huyo hangojake Septemba. Huyo anakuja mbele ya wote, équipe itaitwa juu yake, na akichelewa hafike.

Wewe uliandika ku karatasi yao kwamba hujaangukaka. Ulifikiri watasema umeshaharibika, wakukatale. Mimi nakujua, wewe unauza kitenge yenye tobo na unaikunja tobo ndani. Sasa kunjua. Haiko mimi nitasema kwa fasi yako, juu mimi najua vile iko mutu kukusemea. Chukua kalamu yako ile muzuri, na uandike na mukono wako kama umeanguka.

Na usiniandikie salamu nyingi na afya njema. Nitairudisha.

Nabintu, mwenye pile


Bukavu, tarehe 11 Juni 2024

Nabintu, na wewe Mireille,

Nimeanguka.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka jana, mwezi wa Ramadhani, chooni. Nilisema ni njaa ya mfungo. Kisha kwenye matanga ya Akonkwa. Ngazi ilikuwa kavu, umesema kweli. Kisha Uvira, usiku wa ndoa ya mtoto wa kaka yangu, nikiwa peke yangu ninavaa, nikaamka uso uko kwenye kapeti na wenzangu wanaimba ukumbini. Nikajipaka poda nikatoka, nikacheza. Wiki hii mara mbili.

Salwa hajui. Nilimwambia alama ya kwenye paji la uso ni ya kona ya meza. Daktari wa hapa naye hajui. Wewe ulikuwa unaanguka mbele ya kanisa zima nikakufichia, na mimi nikajifichia kwa ufundi ule ule. Niliogopa wakisikia wataniambia umechelewa, mama, nenda nyumbani. Sikutaka mtu aniambie hivyo kwa Kifaransa mbele ya binti yangu.

Mireille, mpelekee daktari haya kama yalivyo, usipambe. Nitakuja karatasi za mpaka zikiwa tayari, wamesema Jumatatu. Barua itatangulia na Ezéchiel kesho.

Nabintu, sikuombi unisamehe kwa karatasi. Nitakuomba ukiwa na nafasi ya kunipiga.

Sasa namuita Salwa aisome hii kabla sijaifunga.

Mwanvita binti Aboubakar

*

Maman Nabintu, dada Mireille, hii ni Salwa. Samahani kwa mwandiko, bus inaruka.

Niliisoma jana usiku. Mama alikuwa ameketi kitandani ananitazama nikisoma. Nilipofika mwisho akasimama kuja kunishika, akaanguka. Alibaki chini muda mrefu. Nilidhani ndiyo basi.

Sikungoja Jumatatu. Asubuhi nilienda mpakani na barua hii nikamsomea yule mama wa karatasi, yote, hata ile ya chooni, batu wote kwenye mustari wakisikia. Akatupigia muhuri. Ezéchiel amempa Mama kiti chake cha mbele na anaendesha polepole sana. Wasafiri wamekasirika, wamemaliza kukasirika, sasa wengine wanaimba.

Barua imeshindwa kutangulia, tunakuja nayo. Simu haishiki humu ndani ya Nyungwe. Tukitoka porini nitapiga, muweke kitanda mlangoni.

Ameegemea bega langu. Nimeweka kiganja mbele ya pua yake tangu mpaka wa Rusizi.

Anapumua.